Mwenye Kununua Kadi Amenunua Nini?

Twapenda kuwajuza wasomaji wetu kwamba tumepata barua kutoka Kiogoro, katika Nyaribari Chache, kaunti ya Kisii. Mwenye kuiandika ni ndugu yetu, mzaliwa wa pwani, ambaye riziki imempeleka bara, na huko ana kiduka karibu na soko, auza sukari, sabuni, mafuta ya taa na kadi za simu. Barua yake ina masuali manne, na yote manne ni juu ya zile kadi ambazo mtu hutoa fedha kwanza, akapewa kadi yenye thamani iliyopimwa, akaitumia mpaka ikaisha, kisha ikawa haina kazi tena wala haitiwi fedha mara ya pili. Tuliisoma barua hiyo darasani, tukaizungumza mikao miwili, na tukaona jawabu lake lisibaki kwa mwenye kuuliza peke yake. Kwani kadi hizo ziko Mombasa kama zilivyo Kisii, ziko Lamu, Malindi, Tanga na Unguja, na ni nyumba chache zisizozijua.

Masuali yenyewe ni haya. La kwanza: yeye hununua kadi za simu kwa mwenye duka la jumla mjini Kisii kwa bei iliyo chini kidogo ya ile iliyopigwa chapa. Usiku, maduka mengine yakiwa yamefungwa, huiuza kadi ya shilingi 100 kwa shilingi 105. Mwislamu mwenzake amemwambia kuwa hiyo ni riba iliyo wazi, kwani ametoa 100 akatwaa 105. Je, ni kweli? La pili: jirani yake, mama mjane, aliletewa na nduguye aliye Minnesota, huko Marekani, picha ya kadi ya malipo yenye dola 100. Mama yule hakujua la kuifanya, akamuomba ndugu yetu aichukue yeye na ampe shilingi 9,000 alipe karo ya mtoto. Akampa. Alipotaka kununulia kitu kwa njia ya intaneti, kadi ikakataa. Sasa fedha zimekwenda skuli, na kadi haina kazi. Je, khasara hii ni ya nani? La tatu: alipewa zawadi ya kadi ya duka moja kubwa, thamani yake shilingi 2,000. Akanunua vitu vya shilingi 1,740, zikabaki 260. Aliporudi baada ya miezi akaambiwa kadi imekwisha muda wake. Je, ni halali kwao kuzila zile 260? La nne: wateja wake huchukua kadi ya 100 kwa mkopo mpaka siku ya soko, na yeye huwahisabia 110. Je, yafaa?

Tukiri kwanza kwamba tulipoyasikia masuali haya baadhi yetu tulikuwa wepesi wa kusema. Mmoja alisema yote ni riba, mwingine akasema yote ni biashara, na wote wawili hawakuwahi kuuliza kadi yenyewe yafanyaje kazi. Wanavyuoni wa usuli wametufundisha kuwa hukumu ya kitu hufuata kukijua. Basi tukaahirisha hukumu, tukaanza na kujua.

Kadi hizi zafanana kwa umbo, lakini tumeziona ni jinsi tatu.

Jinsi ya kwanza ni kadi ya simu ya kukwaruza, ambayo ndugu zetu wa Tanzania huiita vocha. Hii ilienea Kenya tangu mwaka 2000, zilipoanza kampuni mbili za simu za mkononi, Safaricom na Kencell. Na hiyo Kencell ikabadili jina ikawa Celtel mwaka 2004, kisha Zain mwaka 2008, kisha Airtel mwaka 2010. Juu ya kadi mna tarakimu zilizofichwa chini ya rangi ya kijivu, na mna namba nyingine iliyo wazi, nayo ni namba ya mfululizo. Katika daftari la kampuni kila namba iliyofichwa ina thamani yake. Mteja wa Safaricom akikwaruza, akabonyeza *141* na tarakimu zile na alama ya mwisho, daftari humwandikia muda wa maongezi, na namba ile hufa papo hapo. Kipande cha karatasi kilichobaki hakina thamani hata ya senti. (Na hapa tuseme jambo dogo lenye faida: ukikwaruza kwa nguvu tarakimu zikachubuka, usiitupe kadi. Ile namba ya mfululizo ndiyo itakayowawezesha watu wa kampuni kuitambua.) Kadi hizi zimepungua tangu ilipoanza M-Pesa mwezi wa Machi 2007, kwani mtu sasa aweza kununua muda wa maongezi kutoka katika simu yake bila ya kutoka nyumbani, lakini mashambani na masokoni bado zina watu wake.

Jinsi ya pili ni kadi au hati ya zawadi ya duka. Mtu hulipa shilingi 2,000, duka likatoa kadi, na mwenye kadi akachukua bidhaa za kiasi hicho katika duka hilo, si jingine. Hapa hakuna benki kati. Duka limepokea fedha leo na limeahidi kutoa bidhaa kesho. Kwa lugha nyingine, duka ni mdaiwa na mwenye kadi ni mdai.

Jinsi ya tatu ni kadi ya malipo inayotolewa na benki, yenye alama ya Visa au Mastercard, iliyotiwa fedha mara moja tu. Kwa Marekani kadi hizi zauzwa madukani kama pipi, zimetundikwa ukutani. Mnunuzi hulipa thamani ya kadi na juu yake dola chache za ada, mwenye duka akaifungua kwa mashine, na tangu hapo namba zile zanunua kila duka lipokealo kadi. Lakini nyingi katika hizo zimeandikwa nyuma, kwa herufi ndogo, kwamba zatumika ndani ya Marekani tu. Hata kadi za zawadi za maduka ya intaneti mara nyingi zimefungiwa nchi: kadi ya App Store iliyonunuliwa Marekani haiingii katika akaunti ya Kenya. Hili ndilo lililomfika yule mama wa Kiogoro, kama itakavyokuja.

Sasa twende kwenye shina la mas-ala. Mtu atoapo shilingi 100 akapokea kadi, amenunua nini? Karatasi haikununuliwa, kwani hiyo haina thamani. Kilichonunuliwa ni haki iliyoandikwa juu yake. Na haki hiyo ama ni haki ya kupata manfaa, ama ni haki ya kupata bidhaa, ama ni haki ya kupata fedha. Hukumu yafuata haki, haifuati karatasi. Na njia nyepesi ya kuzipambanua, ambayo mtu wa duka aweza kuitumia bila ya kufungua kitabu, ni kujiuliza: je, kadi hii yaweza kurudi kuwa fedha taslimu, au kutumika kila mahali kama fedha? Ikiwa yaweza, basi hiyo ni fedha iliyovaa nguo nyingine, na sharti za kubadilishana fedha zaishika. Ikiwa haiwezi, basi ni bei ya manfaa au ya bidhaa, na bei huzidi na hupungua kwa maridhiano.

Wala mtu asitwambie kuwa noti zetu si dhahabu wala si fedha nyeupe, kwa hivyo riba haimo ndani yake. Suali hilo lilizungumzwa sana zamani, na Baraza la Fikihi la nchi za Kiislamu lilipokutana Amman mwaka 1986 liliazimia kwamba fedha za karatasi ni thamani kamili, zina hukumu zote za dhahabu na fedha katika riba, katika zaka na katika mengineyo. Basi shilingi kwa shilingi ni sawa kwa sawa na mkono kwa mkono. Na shilingi kwa dola yafaa kuzidiana, lakini mkono kwa mkono vilevile.

Tena jambo hili la kuuziana hati si jipya katika Uislamu kama wengi wanavyodhani. Zama za Marwan bin al-Hakam, alipokuwa mtawala wa Madina, watu walikuwa wakipewa hati za chakula, kila mtu kiasi chake, na chakula chenyewe kilikuwa Jar, bandari ya Madina katika Bahari ya Sham. Watu wakaanza kuziuza hati zile. Aliyenunua akamuuzia mwingine, na huyo akamuuzia wa tatu, na chakula bado kiko ghalani hakijaguswa na mkono wa yeyote. Zayd bin Thabit na sahaba mwingine wakamwendea Marwan wakamkabili kwa hilo, na katika riwaya nyingine aliyemkabili ni Abu Hurayra. Marwan akatuma askari wakazikusanya hati mikononi mwa watu na kuzirudisha kwa wenyewe. Khabari hii imo katika Muwatta ya Imamu Malik na katika Sahihi ya Muslim. Na Imamu Nawawi alipoisherehesha alieleza kuwa maulamaa wamekhitilafiana katika kuuza hati hizo, na kwamba kauli iliyo sahihi zaidi kwa wenzetu wa madhehebu ya Shafii ni kuwa mwenye hati, yaani yule iliyetoka kwa jina lake, yafaa kuiuza. Kilichokatazwa ni yule aliyeinunua kuiuza tena kabla hajakipokea kilichomo. Sisi twaona hapana mfano ulio karibu zaidi na kadi zetu kuliko huu. Hati ya Marwan ilikuwa kadi ya mara moja: ukishapokea chakula imekwisha. Na wakubwa wale hawakuikataza hati, walikataza kuuza juu ya kuuza hali kitu chenyewe hakijapokewa, kwani hapo ndipo bei hupanda juu ya hewa, na wa mwisho katika mnyororo ndiye aliaye.

Baada ya hayo, jawabu la suali la kwanza ni jepesi. Kadi ya simu ni haki ya manfaa, yaani kusema na kupeleka khabari. Kampuni haikurudishii fedha ukiirudisha kadi, hukupa dakika. Basi zile 100 zilizopigwa chapa si shilingi 100 zilizofungwa ndani ya karatasi, bali ni kipimo cha manfaa, kama vile kibaba ni kipimo cha mchele. Ndugu yetu ameuza manfaa ya kipimo fulani kwa shilingi 105, wala hakuuza shilingi kwa shilingi. Hiyo si riba. Twajua kuwa wako waonao kwamba muda wa maongezi umekuwa kama fedha, kwa kuwa watu huhamishiana kwa simu na pengine hulipana deni dogo kwa huo. Hoja hiyo ina uzito, lakini haijatukinaisha, kwani watu pia hulipana deni kwa mayai na mayai hayakuwa fedha.

Hata hivyo, kuwa si riba si kuwa imetakasika na kila ila. Bei iliyopigwa chapa juu ya kadi ni tangazo kwa mnunuzi, na mteja atoapo noti ya 200 hudhani atarudishiwa 100. Akirudishiwa 95 bila ya kuambiwa mbele, amedanganywa, hata kama hasemi kitu kwa haya. Amwambie kwanza: usiku huu kadi ni 105, ukitaka. Na pili, ikiwa alipopewa kadi na mwenye duka la jumla walipatana kuwa haitauzwa juu ya bei iliyochapwa, basi ameshafungwa na ahadi yake, na faida yake ni ile aliyopunguziwa katika kununua. Na lililo karibu na mambo ya Marwan ni hili: asiuze kadi ambayo haijafika dukani kwake. Tumesikia wako wachukuao fedha za kadi za kesho, gari la jumla halijatoka mjini, na aliyelipa akamuuzia mwenzake nafasi yake. Kupokea kadi ya kukwaruza ni kuishika mkononi na rangi yake haijaguswa, kwani mwenye kuzijua tarakimu ndiye mwenye mali. Kadi iliyokwaruzwa hata upembe mmoja, akairudisha mteja akisema sikuitaka tena, isirudi kabatini.

Tofautisheni hayo na M-Pesa, kwani wengi huzichanganya. Salio la M-Pesa ni fedha. Warudi kwa wakala ukapewa noti. Na hata sheria ya nchi imeziweka mbali. Kwa sheria ya mifumo ya malipo ya mwaka 2011 na kanuni zake za mwaka 2014, fedha za wateja wa namna hiyo huwekwa katika amana, mbali na mali ya kampuni. Lakini fedha iliyotolewa kununua muda wa maongezi si amana, ni bei, nayo imekuwa ya kampuni iliyouza. Kwa hivyo mwenye kutoa shilingi 100 za M-Pesa leo apate 105 kesho ameingia katika riba waziwazi, na ile ada ya kutuma na kutoa ni mlango mwingine, ni ujira wa kazi.

Suali la pili limetuchukua wakati mwingi zaidi, kwa sababu ndani yake yumo mjane na karo ya mtoto, na yumo mtu mwenye duka dogo aliyetoa 9,000 kwa nia njema. Tutalieleza kwa utulivu.

Kadi ile ni ya jinsi ya tatu. Ni dola zilizo katika benki, zenye kununua kila mahali palipokubaliwa. Basi kuiuza kwa shilingi ni kubadilisha dola kwa shilingi, yaani sarf. Kuzidiana kunafaa, kwani ni fedha mbili mbali. Kwa bei ya mwaka 2025 dola ilikuwa karibu shilingi 129, basi dola 100 ni karibu 12,900. Na yeye alizichukua kwa 9,000. Bei hiyo ni kavu, lakini si haramu kwa ukavu wake, ikiwa mama yule alijua thamani ya anachokitoa. (Alijua? Barua haisemi. Twamuomba ndugu yetu ajiulize, kwani pengo la karibu 3,900 kwa mtu asiyejua bei ya dola ni pengo kubwa.) Lakini sharti ya sarf ni kupokeana kabla ya kuachana. Mama alipokea shilingi zake mkononi. Yeye alipokea nini? Alipokea picha ya namba, na namba hizo hazikuweza kumpa dola hata moja hapo Kiogoro. Hakupokea. Na kuuziana fedha ambako upande mmoja haukupokewa hakusimami.

Hata tukisema kwa ajili ya mjadala kwamba picha ni kupokea, bado kadi ilikuwa na aibu ya tangu asili, nayo ni kufungiwa Marekani, na mnunuzi hakuijua. Mwenye kununua kitu chenye aibu iliyofichika ana hiyari ya kukirudisha. Basi kwa njia zote mbili twafika mahali pamoja: biashara hiyo haikutimu, kila mmoja arudishiwe chake. Kadi irudi kwa mama, na shilingi 9,000 ni deni juu yake. Khasara si ya ndugu yetu.

Lakini deni hilo mama hana la kulilipia, na karo imeshalipwa. Hapa yajulikana na kila mwenye kusoma Suratul Baqara kuwa mdaiwa mwenye dhiki hupewa nafasi mpaka apate wasaa. Asimdai mbele ya watu, wala asimuongezee hata shilingi kwa kuchelewa, kwani hiyo ndiyo ile riba ya jahiliya yenyewe.

Na hapa tuna khabari ya kumfurahisha, ambayo tuliipata kwa mwanafunzi wetu aliyepata kuishi huko. Kadi ile pengine haijafa. Imefungiwa nchi tu. Fedha bado zimo, na nduguye mama aliye Minnesota aweza kuitumia yeye mwenyewe huko kwa chakula chake au mafuta ya gari lake, kisha akatuma kiasi hicho kwa njia ya kawaida ya kutuma fedha. Sheria ya Marekani ya mwaka 2009 yasema kuwa fedha zilizomo katika kadi za namna hii zisipotee kabla ya kupita miaka mitano, na wala kampuni isikate ada ya kutotumia mpaka upite mwaka mzima bila ya kutumiwa. Basi na afanye haraka kumpigia simu, kwa sababu mbili. Kwanza, picha ya namba imeshapita katika simu tatu, na kila mwenye namba ni mwenye fedha. Pili, kuna wizi mwingine ulioenea huko: wezi huzitoa kadi ukutani dukani, wakanakili namba zake na kuzirudisha kama zilivyokuwa, na siku mnunuzi anapoilipia kadi wao huitangulia kuimaliza. Aangalie salio kwanza kwa namba ya simu iliyo nyuma ya kadi.

Watu wa Kisii wana jamaa wengi Minnesota, na sisi watu wa pwani tuna wetu Uingereza, Marekani na nchi za Ghuba. Basi neno hili liwafikie wote. Aliye ugenini akitaka kumsaidia mamake asimletee kadi ya zawadi. Hizo zilitengenezwa kwa watu wa mtaa mmoja kupeana siku ya furaha, hazikutengenezwa kuvuka bahari. Dola 100 zilizotumwa kwa njia ya fedha hufika zimepungua ada. Dola 100 zilizotumwa kwa kadi hufika Kiogoro zimekuwa 9,000, kisha zikawa ugomvi.

Na kwa kuwa tumo katika namba, lipo jambo ambalo si la fikihi lakini hatuwezi kulipita. Tume ya Biashara ya serikali ya Marekani huwaonya watu wake daima kwamba kila anayekudai umlipe kwa namba za kadi ya zawadi, akajiita mtoza kodi au afisa wa polisi au fundi wa kompyuta, ni mwizi. Hapana serikali wala kampuni ya kweli itozayo kwa njia hiyo. Sababu yake ni nyepesi: namba ya kadi ikishasomwa haina kurudi, haina jina la mpokeaji, wala haina hakimu wa kuifuata. Hapa kwetu ni yale yale kwa umbo la umasikini wetu: simu yalia, waambiwa umeshinda zawadi, ila kwanza ukwaruze kadi za simu na uzisome tarakimu zake. Mwenye duka ni wa kwanza kuyaona haya. Mzee akija mara ya tatu siku moja kununua kadi za mia tano, na simu ameishika sikioni, basi ndugu yetu na amuulize kabla ya kumuuzia ya nne, hata akikosa faida yake.

Suali la tatu, la shilingi 260. Baadhi ya wenzetu walisema kuwa muda uliandikwa juu ya kadi, na Waislamu hufungwa na sharti zao, kwa hivyo duka halina kosa. Sisi twapambanua. Ikiwa muda ni sehemu ya kitu chenyewe kilichouzwa, kama mtu aliyenunua manfaa ya intaneti ya siku saba, basi siku zikipita amemaliza alichokinunua, kama aliyekodi chumba mwezi mzima asilale ndani yake. Mwenye nyumba harudishi kodi. Lakini kadi ya duka si kukodi. Ni deni la bidhaa za shilingi 2,000, na duka limeshazipokea zote. Deni halifi kwa kupita miezi. Duka lina haki ya kusema kadi hii ya plastiki haitasomwa na mashine baada ya tarehe fulani. Halina haki, kwa maoni yetu, ya kusema zile 260 zimekuwa zake. Na wampe kadi nyingine, au bidhaa, au fedha.

Wala haya si mambo ya vitabu vyetu peke yake. Wateja wa Kenya walinung'unika miaka mingi kuwa kipimo cha intaneti walichokilipia hufa kabla hawajakitumia, mpaka mwezi wa Oktoba 2019 Safaricom ikatoa kile kisichokuwa na tarehe ya kufa. Tena kuna sheria ya mwaka 2011 ya mali za fedha zisizodaiwa, na mamlaka yake iko Nairobi, ambayo hupokea fedha zilizosahauliwa katika benki na makampuni na kuziweka mpaka mwenyewe au mrithi wake aje kuzidai. Aliyeshika mali ya mtu aliyenyamaza hakuwa mwenye mali kwa kunyamaza kwake. Twamshauri ndugu yetu aende kwa msimamizi wa duka, si kwa kijana wa sanduku la fedha, na azidai kwa adabu.

Lakini na yeye ajilaumu kidogo kwa kuchelewa. Kadi ya duka ni mkopo ambao wewe mnunuzi umemkopesha mwenye duka bila ya dhamana, na duka likianguka utasimama safu ya nyuma pamoja na wadai wengine. Nakumatt lilikuwa duka kubwa kuliko yote Kenya. Mwaka 2018 likawekwa chini ya msimamizi, na mwaka 2020 wadai wake wakakata shauri livunjwe. Mwenye kadi ya duka na aitumie mwezi ule ule alioipata, na mabaki yake ayamalize kwa kuongeza fedha taslimu juu ya kitu alichokuwa atakinunua kwa vyovyote.

La nne halina urefu. Kuuza kadi ya simu kwa mkopo kwa 110 mpaka siku ya soko kunafaa, kwa kuwa ni kuuza manfaa kwa bei ya baadaye, na jumhuri ya maulamaa wamekubali bei ya mkopo kuzidi bei ya nakidi, kwa sharti mbili: bei iwe moja na imekatwa kabla ya kuachana, si kusema 100 ukilipa leo au 110 ukilipa kesho kisha mkaachana bila ya kuchagua; na siku ya soko ikifika mtu hana, isipande kuwa 120. Kwa kiasi hicho hicho tunaipima ile huduma ya Okoa Jahazi, ambayo mtu huomba 100 akapewa muda wa maongezi wa 90 na akadaiwa 100. Maulamaa wamekhitilafiana juu yake. Mwenye kuiona ni mkopo huiita riba, mwenye kuiona ni kuuza manfaa kwa bei ya baadaye huiruhusu. Sisi twaelekea kwa hawa wa pili, ingawa twapenda zaidi mtu anunue kwa alichonacho.

Mwisho wa barua yake ndugu yetu ameuliza afanye nini na faida aliyoipata miaka yote hii kabla ya kujua. Faida ya kadi za simu ni yake, ila zile tano tano alizozichukua kwa watu bila ya kuwaambia. Anaowajua awaombe radhi au awarudishie, na asiowajua awatolee sadaka. Na ile kadi ya Minnesota, aifute picha yake katika simu yake leo hii, akishamrudishia mama namba zake.

Wallahu aalam.